Netflix Kwenye Mashine ya Gemu: Nani Anamlipa Nani?

Novemba 2012, kampuni ya Kijapani ya Nintendo ilipoanza kuuza mashine ya gemu iitwayo Wii U nchini Marekani, Netflix ilikuwemo tangu siku ya kwanza. Mashine ile ilidoda. Hadi inaacha kutengenezwa zilikuwa zimeuzwa milioni 13.56 tu dunia nzima. Machi 2017 kampuni hiyohiyo ikaleta Switch, ambayo imekuja kuuzwa zaidi ya milioni 150. Netflix haikuwemo. Ukapita mwaka, ikapita mitano, wenye Switch wakaendelea kungoja, na Netflix haikuja.

Kwa akili ya kawaida ya biashara, mambo yamekaa miguu juu kichwa chini. Muuza maji hasukumi mkokoteni wake hadi mtaa wenye nyumba kumi na tatu akauruka mtaa wenye nyumba mia na hamsini.

Vijana wanaocheza gemu huniuliza habari hii, na wengi huja na jibu lao tayari. Wapo wanaosema Switch haina nguvu ya kuonyesha filamu. Hilo si kweli, maana Hulu, huduma ya filamu ya Kimarekani kama Netflix, iliingia Switch Novemba 2017 na YouTube ikafuata Novemba 2018, na zote zilicheza vizuri. Wengine husema Nintendo ni wakaidi. Huenda, lakini ukaidi huo haukuizuia Netflix kukaa kwenye Wii, Wii U, na hata 3DS ya mkononi. Jibu liko kwenye hesabu: nani anamlipa nani ili programu ikae kwenye mashine, na kila mmoja anapata nini. Hesabu hiyo imegeuka mara kadhaa, na ukiifuata tangu mwanzo, kisa cha Switch kinaeleweka chenyewe.

Tuanzie kwenye DVD, kabla ya intaneti kuingia sebuleni.

Mashine ya gemu mara nyingi huuzwa kwa hasara au kwa faida kiduchu. Mei 2021, katika kesi ya Epic, watengenezaji wa gemu, dhidi ya Apple huko California, Lori Wright wa Microsoft alieleza mahakamani kwamba kampuni yake haijawahi kupata faida kwa kuuza mashine ya Xbox yenyewe. Fedha iko kwenye gemu. Kila gemu inayouzwa kwenye duka la mtandaoni la mashine, mwenye mashine hukata kama asilimia 30. Kwa hiyo mteja anayenunua mashine kisha hanunui gemu ni mzigo.

Sasa mpe mteja huyo sababu ya kununua mashine kwa ajili ya filamu peke yake. PlayStation 2 ya Sony ilipotoka Japani Machi 2000 kwa yeni 39,800, ilikuwa inacheza DVD, na wapo waliobeba mashine nyumbani kama deki ya DVD. Microsoft walilitazama jambo hilo na mwaka uliofuata wakaja na dawa yao. Xbox ya kwanza ilikuwa na uwezo wote wa kusoma DVD, lakini ukitumbukiza filamu haichezi. Ulipaswa kununua rimoti na kipokezi chake kidogo cha kuchomeka mbele ya mashine, kwa karibu dola 30. Ndani ya dola hizo 30 mlikuwa na ada ya leseni ya DVD ambayo kila mtengenezaji wa deki hutakiwa kuilipa. Anayetaka gemu tu halipi, anayetaka filamu anajilipia. Nintendo walikwenda mbali zaidi: Wii ya mwaka 2006 ilisoma diski za umbo lilelile la DVD, na filamu haikucheza kabisa. Sony nao wakaelekea upande wa pili mwaka huohuo, wakaweka kisomaji cha Blu-ray, diski ya filamu iliyokuja baada ya DVD, ndani ya PlayStation 3, wakaiuza dola 499 na 599, na bado wakapata hasara kubwa kwa kila moja. Walichopata ni ushindi wa Blu-ray dhidi ya diski pinzani ya HD DVD, ambayo Toshiba waliizika Februari 2008.

Kwa hiyo Netflix ilipobisha hodi, swali la nani alipie filamu kwenye mashine ya gemu lilikuwa limeshajibiwa kwa namna tatu tofauti.

Fremu ya sebuleni

Netflix ilianza kutiririsha filamu Januari 2007, lakini kwenye kompyuta. Nani atamkusanya mama, watoto na mjomba wakaangalie sinema kwenye kompyuta? Njia ilikuwa kuifikia TV, na TV za wakati ule hazikuwa na intaneti. Netflix walikuwa wametengeneza kisanduku chao wenyewe cha kuchomeka kwenye TV, kikiwa karibu kabisa kutoka. Reed Hastings, mkuu wa Netflix wakati huo, akakisimamisha. Hofu yake ilikuwa ya mfanyabiashara mzoefu: ukianza kuuza kisanduku chako, wenye visanduku vingine watakuona mshindani na kukufungia milango yao. Mradi ule ukatolewa nje ya Netflix, ukaenda kwa Anthony Wood na kampuni yake ya Roku, na kisanduku kikaingia sokoni Mei 2008 kwa dola 100 kasoro senti.

Wakati huohuo, Marekani ilikuwa na mamilioni ya nyumba zenye kifaa kilichokwisha kuunganishwa na TV na intaneti pia, nacho ni mashine ya gemu. Waliokodi pango Kariakoo wataelewa upesi. Anayetaka fremu ya duka iliyo barabarani, penye watu, hulipa kilemba kabla hata hajaanza kulipa kodi. Mwenye mashine ya gemu alikuwa ndiye mwenye fremu hiyo.

Tarehe 19 Novemba 2008, Netflix ikafunguliwa kwenye Xbox 360. Microsoft walipata haki ya kuwa nayo peke yao kati ya mashine za gemu kwa muda, na wakaweka sharti moja: huioni mpaka uwe mwanachama wa Xbox Live Gold, uanachama uliokuwa karibu dola 50 kwa mwaka. Tufanye hesabu ya mteja. Kifurushi cha chini cha Netflix kilichoruhusu kutazama bila kikomo kilikuwa dola 8.99 kwa mwezi, yaani karibu 108 kwa mwaka. Ongeza 50 za Gold. Mchezaji wa gemu za mtandaoni hakuumia, kwani Gold alikuwa nayo tayari. Lakini baba asiyecheza gemu, anayetaka tu kuangalia filamu kwenye Xbox ya mwanawe, alikuwa anamlipa Microsoft karibu nusu ya alichokuwa anamlipa Netflix, kwa filamu ambazo Microsoft hakuzinunua wala kuzisafirisha. Kilemba kililipwa, ila aliyelipa ni mteja.

Netflix walikubali kwa sababu walihitaji mlango. Mwisho wa 2008 walikuwa na wateja milioni 9.4. Mwisho wa 2010 walikuwa milioni 20. Si wote walitoka kwenye mashine za gemu, lakini hakukuwa na mlango mwingine mpana kiasi hicho kuelekea TV.

Bahasha ya Netflix

Sehemu ya kisa hiki ninayoipenda kuliko zote ni ya Novemba 2009. Mteja wa Netflix mwenye PlayStation 3 aliomba kwenye tovuti, na siku chache baadaye posta ikamletea bahasha yenye diski ya Blu-ray. Diski hiyo haikuwa na filamu. Ukiitumbukiza, ilitumia uwezo wa Blu-ray wa kuvuta vitu kutoka kwenye intaneti, ikafungua orodha ya Netflix, na ukatazama. Ukitaka kutazama tena kesho, itoe gemu, rudisha diski ile. Ukiipoteza, omba nyingine. Masika ya mwaka uliofuata, wenye Wii nao wakaletewa diski yao.

Kwa nini kuzunguka hivyo wakati programu ingeweza kukaa kwenye menyu ya mashine? Walioandika habari za teknolojia wakati ule walilihusisha na ule mkataba wa Microsoft: kilichozuiwa ni programu inayokaa ndani ya mashine pinzani, na diski haikai ndani. Ilipofika Oktoba 2010, diski zote mbili zikawa hazihitajiki tena. Angalia gharama ambazo Netflix walikubali kubeba kwa karibu mwaka mzima: kuchapa diski, kuzifunga, kulipia posta, kujibu simu za waliopotewa. Walimudu kwa kuwa kupeleka diski kwa posta ndiyo ilikuwa kazi yao ya kila siku tangu mwaka 1998. Mshindani asiye na ghala wala bahasha asingethubutu.

Na ililipa. Mwishoni mwa 2012 Netflix walitangaza kuwa PS3 ndiyo imekuwa kifaa kinachoongoza kati ya vyote vilivyounganishwa na TV kwa saa za kutazama. Kwa maoni yangu, sababu kubwa ni kwamba Sony hawakutoza kiingilio kwa mtu anayetaka kutazama tu.

Microsoft nao Machi 2012 walisema wanachama wao sasa wanatumia muda mwingi zaidi kwenye video na muziki kuliko kwenye gemu za mtandaoni. Habari hiyo ilikuwa njema, lakini nadhani iliwapotosha. Waliisoma kana kwamba watu wanaipenda Xbox kwa ajili ya video, kumbe watu waliipenda video na Xbox ndiyo iliyokuwepo karibu. Xbox One ya Novemba 2013 ikajengwa ikizunguka TV: waya wa king'amuzi ukaingia ndani yake, ikauzwa dola 499 pamoja na kamera ya Kinect, ilhali PS4 ilikuwa dola 399. Microsoft walikuwa wameanzisha hata studio ya kutengeneza vipindi. Mwaka 2014 walitangaza kuifunga.

Kijiti cha dola 35

Julai 2013 Google walitoa Chromecast, kijiti cha kuchomeka nyuma ya TV, kwa dola 35. Wakati huo Gold ilikuwa imepanda hadi dola 60 kwa mwaka. Yaani kijiti kizima, cha kudumu, kiliuzwa kwa zaidi kidogo ya nusu ya bei ya kiingilio cha mwaka mmoja. Amazon wakafuata na chao. TV zenye intaneti ndani zikashuka bei. Hata umeme ukawa hoja: watafiti wa shirika la mazingira la NRDC mwaka 2014 walipima wakakuta mashine za gemu za kizazi kile zinakula umeme zaidi ya mara 30 ya kijiti au kisanduku kidogo kwa kuonyesha filamu ileile. Mtu anayenunua umeme kwa LUKU hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Juni 2014 Microsoft waliondoa sharti la Gold kwa Netflix na programu nyingine. Kwa lugha ya Kariakoo, mtaa ulipata fremu mia mpya na kilemba kikafa.

Kuanzia hapo mizani iligeuka, na mwenye programu ndiye akaanza kuchagua. Hapa ndipo mtu anapokosea anapotazama Switch. Mwenye programu hahesabu mashine ziko ngapi. Anahesabu wateja wangapi watajiunga, au watabaki, kwa sababu programu iko kwenye mashine hiyo, ambao bila hivyo asingewapata. Nyumba yenye Wii mwaka 2010 yaelekea haikuwa na kitu kingine cha kuleta Netflix kwenye TV. Ukiweka programu pale, umepata mteja. Nyumba yenye Switch mwaka 2018 ina TV ya intaneti, ina simu tatu, ina kishkwambi cha mtoto, na vyote vina Netflix. Ukiweka programu kwenye Switch, mtu yuleyule anahama kutoka kifaa kimoja kwenda kingine akiwa analipa ada ileile. Nyumba kumi na tatu za Wii U hazikuwa na bomba, na zile mia na hamsini za Switch zilikuwa na maji ya bomba tayari.

Upande wa Nintendo hesabu ni fupi. Hawana biashara ya filamu kama Sony. Walisema mapema kuwa Switch haitauzwa kwa hasara, kwa hiyo hawakuhitaji sababu ya ziada ya kumshawishi mnunuzi. Saa moja mtoto akitazama tamthilia ni saa moja hachezi gemu yao, na betri inaisha. Hakuna aliyekuwa na haraka, si mwenye mlango wala mgeni.

Linganisha na PS5. Sony wanataka mashine ile iwe katikati ya sebule, na Apple ya mwaka 2020 ilikuwa na huduma changa ya video inayotafuta wateja. Programu ya Apple TV ikawemo PS5 ilipotoka Novemba 2020, na Julai mwaka uliofuata wenye PS5 wakapewa miezi sita ya bure ya Apple TV+. Rimoti ya PS5 nayo, inayouzwa karibu dola 30 kama ile ya Xbox ya 2001, ina vitufe vinne chini: Disney+, Netflix, Spotify na YouTube. Kitufe hakiwezi kufutwa wala kuhamishwa. Kitakaa kwenye kiganja cha mteja kwa miaka saba au minane, na yeyote asiye na kitufe atatafutwa kwenye menyu.

Gharama isiyoonekana

Watu hudhani kupeleka programu kwenye mashine mpya ni kunakili faili. Netflix na YouTube walishaona mzigo wake, wakabuni njia ya kuupunguza: kurasa na vitufe huandikwa mara moja kwa lugha ya tovuti, kisha chini yake kuna injini ndogo inayotengenezwa upya kwa kila aina ya kifaa. Ya YouTube inaitwa Cobalt, na mtu yeyote anaweza kuisoma mtandaoni. Bado injini hiyo lazima ifungamane na chipu ya video ya mashine husika, na ipite ukaguzi wa mwenye mashine.

Kisha kuna wenye filamu. Studio hazitoi ruhusa ya picha safi mpaka zihakikishiwe kuwa picha haiwezi kuibwa njiani. Hili unaweza kuliona mwenyewe ukiwa na PS4. Ingia kwenye mipangilio ya mfumo, utakuta kitu kinaitwa HDCP, yaani kufuli la picha kwenye waya wa HDMI. Wanaorekodi gemu kwa kifaa cha nje hulizima, kwa sababu likiwaka kifaa chao huonyesha giza. Lizime, halafu jaribu kufungua Netflix. Mashine itakataa mpaka uliwashe. Kwa gemu Sony wanakuruhusu kulifungua kufuli lile, kwa filamu hawana ruhusa hiyo ya kukupa. Kila kufuli la namna hiyo lina leseni yake, majaribio yake, na wahandisi wake, na kazi haiishi siku ya uzinduzi. Kila sasisho la mashine au la programu huanzisha majaribio upya.

Ndiyo maana programu huondoka. Nintendo walizima huduma zote za video kwenye Wii mwishoni mwa Januari 2019. Netflix ikaondoka Wii U na 3DS Juni 30, 2021. Twitch, huduma ya kutazama watu wakicheza gemu moja kwa moja, iliyoingia Switch Novemba 2021, ilitoka baada ya miaka miwili na ushee. Hulu yenyewe ikaaga Switch Februari 2025, kwenye mashine ambayo ilikuwa bado inauzwa. Sidhani kama kuna aliyegombana na mtu. Nionavyo, saa za kutazama hazikufikia mshahara wa wahandisi.

Kwetu je?

Mwenye PS jijini Dar au Mombasa hukutana na hesabu hii kwa njia nyingine. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi unazoweza kuchagua unapofungua akaunti ya PlayStation, ndiyo sababu watu wengi hujisajili kwa Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Programu za video utakazoziona dukani zinafuata nchi ya akaunti, lakini filamu zinafuata mahali intaneti yako inapotokea, kwa kuwa haki za filamu huuzwa nchi kwa nchi. Mtu wa Mbeya mwenye akaunti ya Marekani anaweza kuipakua Hulu vizuri kabisa na isimwonyeshe kitu. Netflix itafungua, kwa sababu tangu Januari 2016 inauza huku kwetu, na atakachokiona ni orodha ya Tanzania hata kama akaunti ya mashine inasema Marekani.

Na kituo chetu cha televisheni kikitaka kumfikia huyo mwenye PS, kinagonga ukuta kabla ya hesabu ya wateja. Kitahitaji mkataba na Sony, leseni za kufuli za picha, injini iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hiyo, na mwishowe duka lenyewe halina nchi yake. Programu ya Android, kwa marekebisho ya kiasi, hufika kwenye simu, kwenye TV na kwenye vijiti vya bei nafuu. Mkurugenzi yeyote mwenye bajeti ya wahandisi watano atachagua Android, na simlaumu.

Mwenye Xbox ana upenyo, kwa kuwa ndani yake kuna kivinjari cha Edge, na tovuti nyingi za kutazama zitafunguka. PS4 nayo ina kivinjari, ingawa kimezeeka. Wengine wamejitatulia kwa mikono. Ukiigeuza TV ya sebule yenye PlayStation hapa mjini, nyuma yake utakuta HDMI 1 ni waya wa PS, na HDMI 2 ni kijiti cha Android kilichoning'inia, kikivuta umeme kutoka tundu la USB la TV ileile.